Koti la Yohanes

Mume wangu Athanasi alinichosha, nasema kweli. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wenzake hapa Msamala walikuwa wanahangaika na mitumba na redio kaseti. Yeye alihangaika na Budha. Tena bure, hata hauzi!

Chanzo ni barabara ya lami. Ilipojengwa, Athanasi alikuwa mtunza stoo, na mkubwa wake alikuwa mhandisi kutoka Sri Lanka, Bwana Bandara, mpole, hata siafu hakanyagi. Jioni waliongea mafundisho ya Budha. Barabara ikaisha, Bandara akarudi kwao, mume wangu akabaki na madaftari manne aliyoyajaza mwenyewe kwa Kiswahili. Misa ya Jumapili hakukosa. Ila alisema maneno yale ni dawa, na watu wa siku hizi wanaumwa bila kujua.

Dawa gani isiyomezeka? Aliwasimamisha watu hata mashineni, akawasomea: "Kung'ang'ania kisichodumu ndicho chanzo cha mateso." Mama mmoja, debe la mahindi kichwani, akamwuliza, "Sasa mwalimu, nitue au nisitue?" Watu wakaangua kicheko. Akarudi nyumbani amenuna, hasira zote kanimalizia mimi.

Kisha malaria ikamchukua Yohanes, mdogo wake wa mwisho. Mama mkwe wangu, Kunegunda, akakumbatia koti la marehemu. Akalala nalo, akakaa nalo, uji hataki. Kwetu siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hugawiwa ndugu, ndipo msiba unaisha. Mama akakataa. Tukaahirisha mara ya kwanza, mara ya pili. Mifupa ya mabega ikamtoka, tukaogopa tutazika wawili.

Athanasi akafungua daftari. "Mama, kila kitu hupita. Ukiachilia, maumivu nayo..."

"Niache!" mama akapiga kelele.

Kesho yake akasoma tena. Na keshokutwa. Nikamwambia, "Baba Suzana, funga hilo daftari, mama wa watu anakufa!" Akanijibu kwamba mimi sielewi.

Mara ya tatu tulipokusanyika, akaingia jirani yetu Lidwina. Lidwina ni Mhehe, sisi Wangoni, na mtani msibani hakatazwi neno. Alimpokonya mama lile koti, akalivaa, akatembea akiburuza mguu na kujikuna kisogo, Yohanes mtupu!

"Shikamoo mama! Mbona jiko limepoa? Nyie Wangoni wachoyo, mtu akifa mnamnyima hata ugali? Mnakumbatia koti langu, na mimi huko nina baridi!"

Yesu na Maria! Nilidhani mama atamrarua. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kilio, akalia sana. Alipotulia akasema, "Mvueni. Mpeni Athanasi, ndiye kaka yake. Na mimi nileteeni uji."

Athanasi akaruka juu. "Si ndicho nilichokuwa nasema? Miaka yote nasema hichohicho!"

"Wewe ulikuwa unaongea na daftari, mwalimu," Lidwina akasema. "Haya, koti hili."

Akalipokea. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitana cha Yohanes, nywele zingali zimenasa. Akakaa chini palepale. Tangu mazishi hakuwa amelia. Siku hiyo alilia kama mtoto.

Mwezi ukapita. Koti halivai, halifui, analilalia chini ya mto. Nikamwambia livae au mpe mtu, kuna baridi ya Juni na watu hawana nguo. "Hili hulielewi, Oliva!" Mimi ndiye nisiyeelewa! Jamani, mimi!

Nikamwita mama. Akaja, akakaa pembeni ya kitanda.

"Athanasi mwanangu," akasema, "kila kitu hupita."

"Mama, niache!"

Nikafungua mdomo nimpashe. Mama akanishika mkono.

"Mwache. Na mimi nilimjibu hivyohivyo. Twende tukampikie uji."