Peremende ya Ndege

Barazani tulikuwepo bibi, mimi, wadogo zangu wawili, na jirani tuliyemwita Mjomba. Aliyekosekana ni kitinda mimba wetu, aliyepelekwa hospitali ya Unguja kwa ndege asubuhi ile, Mjomba akimsindikiza. Leo mjukuu wangu amefungua peremende, na harufu yake imenirudisha pale.

Mama alikwenda hospitali hiyo hiyo kwa meli kutoka bandari yetu ya Mkoani, safari ya kutwa nzima, asirudi. Baba alikuwa ameshatangulia. Niliacha skuli niwalee wadogo zangu, na sasa Mjomba alikuwa amerudi peke yake, hata adhuhuri haijaadhiniwa.

"Mtoto umemwacha wapi?" nilimuuliza.

"Hospitali, Unguja."

"Unguja gani hiyo ya kwenda na kurudi asubuhi moja?"

Akacheka. "Nusu saa tu angani, mwanangu. Hata muhogo wako jikoni hauivi."

"Basi tia udhu, ushike msahafu."

"We mtoto!" bibi alinikemea. "Mtu mzima huyo!"

Mjomba hakucheka tena. Alitia udhu, akaapa huku maji yakimdondoka viwikoni. Kisha akanipa peremende aliyopewa ndani ya ndege. Niliitupa uani.

Mdogo wangu alirudi mzima, mfukoni ana peremende kama ile. Mjomba hakukaa tena barazani kwetu. Alihamia Vitongoji, na yuko huko mpaka leo, mzee asiyeona. Kutoka kwangu hadi kwake ni nusu saa kwa miguu. Bado sijamtaka radhi.