Fundo kwenye Kamba ya Bendera

Mkasa huu nikiusimulia huwa naangalia chini, na hata sasa ninapouandika naangalia chini (ingawa ukiandika huna pengine pa kuangalia), kwa sababu mimi ndiye yule kijana wa Makambako aliyewaliza watu wazima nusu siku kwa ajili ya mtu ambaye saa hizo alikuwa amekaa kitandani kwake anakunywa uji.

Karakana yetu ya useremala ilikuwa nyuma ya soko. Zamani ilikuwa mali ya ushirika, ushirika ulipokufa (ni miaka ile ambayo kila cha umma kilikuwa ama kinauzwa ama kinafungwa) mafundi wakaambiwa kila mtu ajitegemee, basi wakabaki chini ya paa lilelile lakini wamechora mistari ya chaki sakafuni, hapa kwako, hapa kwangu, na ole wako pumba yako ivuke mstari. Mimi nilikuja baadaye kutoka kijiji cha Yakobi na cheti changu cha darasa la saba na ndoto za kutosha kujaza lori, nikapewa kona ya mlangoni, kwenye upepo, na upepo wa Makambako anaujua anayeishi Makambako.

Kilichonisumbua hakikuwa upepo. Ni ule mlingoti mtupu uani. Siku moja nikafungua kabati la ofisi ya zamani, nikakuta bendera ya taifa imekunjwa vizuri, panya wameionja pembe moja tu. Nikaishona, nikaipandisha. Basi, ni hilo tu nililofanya, na yote yaliyofuata yalianzia hapo.

"Sasa bwana mdogo, wewe ndiyo serikali?" akauliza Mzee Shabani, fundi wetu mkubwa, mtu wa Tabora aliyekuja na reli ilipokuwa inajengwa akasahau kurudi.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Serikali. Serikali, gundi imeisha. Serikali, fagia. Lakini nilikuwa naona: saa kumi na mbili jioni nikiishusha, misumeno inanyamaza, watu wote wanasimama uani wima pamoja, na wakiisha kusimama pamoja wanabaki wanaongea, na baada ya miezi michache mistari ya chaki ilikuwa imefutika kwa miguu, hakuna aliyekumbuka kuichora tena. Nikajiona mtu wa maana. (Hapo ndipo mtu huanza kuharibikiwa.)

Kisha fundi mmoja mzee, Mkongwa, akafariki, nami kwa kichwa changu nikaishusha bendera nusu mlingoti. Mtendaji wa kata akaja mbio kuuliza ni kiongozi gani amefariki. Mzee Shabani akamjibu, "Aliyetengeneza meza unayoandikia." Mtendaji akaiangalia bendera, akatuangalia sisi, akavua kofia yake akaondoka. Toka hapo ikawa desturi: akifa mmoja wetu, bendera nusu mlingoti, na atakayeiona kwanza haulizi, anaacha kazi ya mteja, anachukua ubao mzuri kuliko zote anaanza jeneza. Jeneza la fundi halitengenezwi na mtu mmoja. Kila mkono wa karakana lazima upitishe randa.

Mwaka huo fundi Chaula akaugua kifua. Alikuwa Mkinga wa Makete, mpole, mkewe Mama Chaula ndiye aliyekuwa akitupigia vanishi na kutukemea tukivaa mashati yasiyo na vifungo. Kifua kilipokataa kabisa wakamrudisha kwao, akalazwa hospitali ya Bulongwa, na habari zake tukawa tunazipata kwa madereva wa malori ya mbao, ambao walikuwa wanaegesha karibu na chumba nilichokuwa nalala. Wao ndio waliokuwa simu yetu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuipokea. Kumbukeni hilo.

Sasa kamba. Kamba ya bendera ilikatika kwa upepo, Mzee Shabani akaniambia nitafute nyingine, nami nikaona aa, fundo dogo tu, nikaunga. Asubuhi napandisha, bendera inafika katikati, fundo linaingia kwenye kile kigurudumu cha kapi juu kule, linakwama. Navuta, haiendi juu. Navuta chini, ndiyo kwanza linajikaza. Ngazi ilikuwa imeazimwa kanisani. Na mimi nilikuwa na safari ya Njombe, kuchukua picha ya nembo ya taifa iliyotiwa fremu ya kioo, maana nilikuwa nimeota (mchana, macho wazi) ikining'inia ukutani juu ya mashine ya randa, yule bwana na yule bibi na ngao yao wakituangalia tunavyofanya kazi. Pikapu ya kunipeleka ikapiga honi. Nikaiangalia bendera, nikasema nitairekebisha nikirudi. Karakana haikuwa na mtu bado. Nikapanda.

Njombe nikachukua picha yangu, nikaikumbatia njia nzima isivunjike, na kama saa saba hivi nikateremka Makambako nikiwa na furaha ya mtu mjinga. Nakaribia karakana, nasikia kimya. Hakuna msumeno. Naingia uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka wanalia, wanaume wamekaa juu ya mbao vichwa chini, wenye maduka ya jirani wamefunga wamekuja. Mimi moyo wangu ni mwepesi, ndivyo nilivyoumbwa, nikiona mtu analia siulizi. Nikaegesha nembo ukutani, nikakaa chini, nikalia. Nililia vizuri tu, kwa muda, mama mmoja hata akanipa ncha ya kitenge chake nifutie kamasi.

Ndipo nikamnong'oneza jirani yangu, "Jamani, amefariki nani?"

Akanigeukia taratibu. "Chaula. Si wewe uliyeshusha bendera?"

Nikainua macho: bendera pale nusu mlingoti, na fundo langu kwenye kapi, jeusi, kama kunguru. Nikaangalia ndani: Mzee Shabani na wenzake wamezunguka jeneza la mninga, ule mninga aliokuwa ameuweka kwa kabati la harusi ya binti yake, na limebaki kifuniko tu. Na mbele ya jeneza amekaa Mama Chaula sakafuni, amejifunga kanga kiunoni, sauti imemkauka.

Alikuwa amefika kama saa nzima kabla yangu. Alilala kwa ndugu zake Njombe, akaja na basi la asubuhi, na alikuja na habari njema, ndugu zangu! Mumewe alikuwa amekaa, amekula, ameomba aletewe randa yake aishike tu mkononi. Ndicho alichokuja kuchukua. Akaingia akisalimia, "Kamwene," hakuna aliyeitikia, akaona jeneza, akaona urefu wake ni urefu wa mumewe, akauliza, "La nani hilo?" Wote wakaangalia chini. Akawaza alichowaza: nimemwacha jana asubuhi, malori yamepita usiku.

Nikasimama.

"Hajafa," nikasema. "Bendera imekwama. Niliunga kamba, fundo likakwama. Sikupata habari yoyote mimi."

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Mzee Shabani aliiweka randa chini, akafuta pumba kwenye mikono yake kidole kimoja kimoja, akasema, "Serikali." Basi, hilo moja tu.

Mama Chaula akaniangalia. "Kwa hiyo yu hai?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema ndiyo, mama. Lakini nilikuwa najua nini mimi? Nilichojua ni habari za fundo, habari za mtu sikuwa nazo.

"Sijui, mama."

"Nilikuwa nimekuja nikijua," akasema. "Sasa sijui tena." Akainuka, akatoka mbio kutafuta gari la kurudi, na randa akaisahau.

Kesho yake nikapewa adhabu niliyoistahili: peleka randa Bulongwa kwa mkono wako, ukaone kwa macho yako. Nikapanda malori mawili, baridi ya Makete ikanipenya hadi kwenye meno, na njia nzima nilikuwa naomba jambo moja tu. Nikaingia wodini nikiwa nimeshika ile randa kifuani. Chaula alikuwa hai. Amekonda, shingo kama mpini wa nyundo, lakini hai, na mkewe pembeni yake, ambaye hakunisalimia.

"Nasikia mmenitengenezea nyumba," Chaula akasema. "Mbao gani?"

"Mninga, mzee."

"Nani kapiga randa?"

"Mzee Shabani. Na wote. Kasoro mimi."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi liacheni. Shabani hajawahi kunipa hata kipande cha mninga nikiwa mzima." Akachukua randa, akailaza juu ya blanketi, akaipapasa kama mtu anayempapasa paka. "Na wewe nenda ukapitishe mkono wako, wasije wakasema uligoma."

Nilirudi, lakini sikuligusa. Jeneza likabaki pembeni ya karakana, hakuna aliyeweza kuliuza wala kulivunja, maana limetengenezwa kwa jina, na watu wakawa wanapita mbali nalo, na sijui nani alianza, siku moja nikakuta mistari ya chaki imerudi sakafuni. Bendera niliiteremsha kwa ngazi, nikaikunja, nikairudisha kabatini kwa panya. Ile picha ya nembo sikuitundika. Jioni saa kumi na mbili kila mtu anaondoka kivyake.

Ikapita miezi miwili kasoro. Asubuhi moja nafungua mlango, nakuta lori limeegeshwa, na Mama Chaula amesimama uani chini ya mlingoti, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Hakuwa analia. Machozi yake nilikuwa nimeyamaliza mimi, siku isiyo yake.

"Nimefuata jeneza," akasema. "Bendera iko wapi?"

"Mama, mimi bendera tena—"

"Iko wapi, mwanangu? Safari hii ni kweli."

Nikaenda kununua kamba mpya, nzima, isiyo na kiungo. Nikaipandisha bendera kwanza hadi juu kabisa, kama inavyotakiwa, kisha nikaishusha nusu mlingoti, na Mzee Shabani akaja akashika kamba chini ya mikono yangu. Halafu nikaingia ndani, nikachukua randa, nikaipitisha kwenye ukingo wa kifuniko cha lile jeneza, mara moja, taratibu, kwa zamu yangu.

Siku hizi nina karakana yangu ndogo. Uani sina mlingoti, na mtu akiniletea kamba iliyokatika, hata iwe ya kufungia mbuzi, siiungi.