Sauti ya Kwanza Kufika

Nakumbuka jioni moja, nikiwa siuoni hata mkono wangu mwenyewe, nilisikia jina langu likiitwa kutoka kila upande. Skola! Skola! Nilikuwa msichana mdogo, nimepanda milima hii ya Matogoro kutafuta uyoga, ukungu ukanifungia njia. Mjukuu wangu, wewe umekulia Tunduru, huujui ukungu wa huku. Ni kama kufunikwa shuka jeupe usoni.

Walionitafuta walikuwa na tochi. Baadaye waliniambia hazikufaa kitu: mwanga uligonga ukungu ukawarudia machoni, wakaona weupe tu. Basi wakaita, wote kwa pamoja. Na kila walipoita, mwamba wa ng'ambo ya korongo ulirudisha sauti zao. Mimi nikaufuata mwamba. Nilidhani mama yuko huko. Nilikuwa naliendea korongo huku nalia kwa furaha.

Mama akasikia kilio changu kinazidi kwenda mbali.

"Nyamazeni nyote!"

"Shemeji, tukinyamaza atatusikiaje?" akauliza baba mdogo.

"Mkipiga kelele nyie, na mlima nao unapiga. Mtoto amfuate nani?"

Akachukua jembe, akaligonga kwa jiwe. Ko! Akasubiri. Ko! Katika ukimya ule nikasikia vizuri: ko moja kali nyuma yangu, halafu nyingine hafifu mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa mama. Ya pili ilikuwa mwamba tu, unarudisha ulichopewa. Nikageuka.

Baba mdogo aliponiona nimekumbatia kikapu, alicheka huku anafuta machozi. "Kumbe amepotea yeye, uyoga haukupotea!"

Nakwambia haya kwa sababu tangu uache chuo cha uuguzi bila kumwambia mama yako, ukaja kujificha kwangu, simu yako haipumziki. Shangazi yako anasema mama amekukataa. Binamu yako anasema amezitoa nguo zako nje. Mama yako nimemzaa mimi, na sijamsikia akitamka hata neno moja kati ya hayo. Wewe pia hujamsikia. Unaulilia mwamba, mwanangu.

Huenda maneno hayo yana ukweli ndani yake, sikatai. Lakini yamegonga kwingine kwanza ndipo yakakufikia wewe. Hasira ya mama isikie kwa mama mwenyewe, hata ikiwa kali. Ukishaisikia yeye akiwa mbele yako, utajua ugeukie wapi. Na siku nyingine mtu akipotea, wewe ndiye uwe wa kunyamaza ili aitwe na mmoja.

Chukua khanga yangu, basi la Tunduru lina baridi asubuhi. Mungu akutangulie barabarani, akulainishie ulimi, amfungulie mama yako moyo kabla hujapiga hodi. Haya, nenda. Vuta mlango, ukungu usiniingilie ndani.

Nimesikia viatu vyako kizingitini, kisha mlango nyuma yako. Ko.