Mahali Sindano Iliporuka

Baba alikuwa na santuri moja tu ya fidla, muziki usio na neno hata moja la kuimbwa. Aliachiwa na padri aliyehamishwa, pamoja na gramafoni yake. Jumapili baada ya kanisa nyumba yetu ya Bokoli ilinyamaza, na hata kuku walifukuzwa wasituharibie.

Santuri ile ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikikaribia pale, Baba aliinua kidole na kusema, "Luka!" nayo ikaruka. Kwetu Bungoma r na l hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Sisi watoto tuliamini anamtaja mtunzi, yule Luka wa Injili, na nilimtetea shuleni mpaka nikachekwa na darasa zima.

Baba alipofariki, Mama aliifunika gramafoni kwa kitambaa cha meza, asiiguse tena. Mimi niko Kitale, nauza mbegu na dawa za mifugo, na iliniuma kwamba alikuwa amempoteza mume na muziki kwa mpigo mmoja. Nikautafuta muziki ule kwenye simu, nikaupata, nikanunua na spika ndogo. Nikashuka Bokoli nikijiona mwana mwema.

Tuliketi sebuleni. Sauti ilitoka safi, bila ule mchakacho wa santuri, kama wa mahindi yanayokaangwa. Mama alisikiliza, mikono mapajani. Pale pa siku zote palipokaribia, aliinua kidole, akasema polepole, "Luka."

Haikuruka. Fidla ziliendelea, zikapita mahali ambapo nyumba ile haikuwahi kufika, pazuri ajabu, kisha zikarudi tunapopajua. Kidole cha Mama kilibaki hewani. Niliogopa. Niliona nimemfuta Baba kwa ujuaji wangu, nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha," Mama akasema. "Hapo katikati ni nini?"

"Ndipo sindano ilikuwa inaruka, Mama."

"Ati hii yote ilikuwako?"

"Ilikuwako."

Machozi yakamtoka, wala hakuyapangusa. "Maskini mzee. Miaka yote hiyo, na hapa hajawahi sikia."

Nilimpenda sana saa ile, na Baba nikampenda upya. Mama akavuta kiti karibu na spika.

"Rudisha hapo tena," akasema. "Nisikize ya mzee na yangu."