Bunduki ya Alimbongo

Kahongya, seremala wa Butembo, alikuwa na uhakika juu ya mambo mawili: mbao, na Kahongya. Mengine aliyaachia Kanisa.

Kwa hiyo alipoporwa pikipiki kwenye kona za Alimbongo, asubuhi ya ukungu, hakupenda kueleza ilivyokuwa. Mwizi alikuwa mmoja. Alimwekea bunduki shingoni. Kule juu milimani chuma huuma ngozi kwa baridi, lakini kitu kile kilikuwa vuguvugu kama mwiko. Shingo ilitambua papo hapo kwamba ni mbao. Kwa bahati mbaya mikono haikungoja habari kutoka shingoni. Ilikuwa imeshatoa ufunguo.

Kwa polisi alisema ni Kalashnikov. Jumapili, mbele ya kanisa, ikaongezwa mkanda wa risasi. Kufikia Pasaka wezi walikuwa wanne.

"Baba Muyisa," mke wake Joyeuse akamwambia, "ile bunduki yako iko inazaa."

Kisha Josaphat, baba wa watoto watatu, akakamatwa juu ya pikipiki ile. Bunduki hakuwa nayo. Alisema aliichonga mwenyewe, na baadaye akaitia motoni kupikia maharagwe. Mahakama ya kijeshi ikaja kumhukumu uwanjani karibu na Rughenda, mbele ya watu wote, na watu wote wakakaa kwenye mabenchi yaliyotengenezwa na Kahongya. Hilo lilimpa raha, mpaka mwendesha mashtaka aliposoma sheria. Wizi wa kutumia silaha: kifo. Wizi wa vitisho bila silaha: miaka mitano hadi ishirini. Silaha yenyewe haikuwepo. Lilikuwepo neno la Kahongya, ambalo mtaa mzima ulikuwa umelikariri.

Asubuhi ile Joyeuse, akimfungia vifungo vya shati, alimwambia kitu kimoja tu: "Leo usiongeze."

"Shahidi," akasema kanali Roger, rais wa mahakama, aliyetumwa kutoka Kinshasa, "ulitishwa na silaha gani?"

Majirani wakainama mbele, wakiusubiri mkanda wa risasi.

"Mon colonel, ilikuwaka mbao."

Mabenchi yakalia kwa kicheko, lakini hata moja halikuvunjika.

"Mbao? Lakini kwa polisi ulisema Kalash!"

"Kwa polisi nilisema na mudomo, mon colonel. Yenye ilijua ni shingo."

Mwendesha mashtaka hakukubali kirahisi. "Rungu nalo ni mbao, na ni silaha. Alikupiga?"

"Hapana. Na angenipiga, ingevunjika. Ilikuwa kalitusi mbichi, haikukauka hata kidogo. Fundi mwenye akili hapana gusa ile."

Josaphat, aliyekuwa akitazama miguu yake tangu asubuhi, akainua kichwa.

"Hapana, Papa. Ilikuwa grevilea."

"Kalitusi!"

"Grevilea. Ni mimi nilichonga. Niliikata nyuma ya nyumba ya bokilo yangu, baba ya bibi yangu. Bokilo huyu hapa, umuulize!"

"Mon colonel, huyu mutu hajue mbao!"

"Lakini pikipiki ulinipa!"

Kanali akapiga meza. Karani aliandika miti yote miwili. Baada ya saa moja mahakama ilirudi na kusema kwamba watu waliopanga uongo pamoja wasingegombana namna ile. Bunduki ilikuwa mbao, na haikukusudiwa kupiga mtu. Miaka minane. Sophie, mke wa Josaphat, aliyekuja amejiandaa kuomboleza, alianguka magotini akimshukuru Mungu kwa miaka minane.

"Kalash ya mbao!" watoto wa mtaa walimpigia Kahongya kelele njia nzima. Alipita katikati ya barabara, kifua mbele. Kilichomkera kilikuwa kingine.

Karakanani akachukua vipande viwili vya mbao, kimoja kalitusi na kimoja grevilea, akampa Joyeuse, akakaa na kufumba macho.

"Weka kwa shingo."

Joyeuse akaweka kimoja.

"Kalitusi," akasema Kahongya, bila shaka yoyote.

"Grevilea, Baba Muyisa."

Kahongya akanyoosha shingo.

"Rudilia," akasema. "Shingo ilikuwa haijakaa muzuri."