Kesi ya Mbawala na Nguruwe Pori

Niliondoka Masasi kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Dada yangu, Mama Salima wa Mnyambe, alikuwa na watatu. Wawili walikuwa wamekufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na aliyebaki alikuwa na mimba. Kitongoji chao kilikuwa kinaandaa msako wa wanyamapori, eti ndio wanaohifadhi ugonjwa. "Kaka, wewe unasoma," aliniambia kwenye simu. "Wanasema dawa ya kupulizia ya nini, msako utamaliza kila kitu. Niwasikilize?"

Saa tano asubuhi, Mnyambe. Mwenyekiti wa kitongoji, Muislamu mwenzangu, aliitikia shikamoo yangu kwa furaha. "Marahaba! Mtaalamu kafika. Utuandikie barua wilayani tupewe kibali."

"Mnyama gani anatuhumiwa?"

"Mbawala."

"Na nguruwe pori?"

"Huyo hana neno. Anakula mihogo yetu tu."

Mwaka jana waliwahi kuua mbawala kadhaa, jambo aliloniomba nisiliandike. Nikauliza: ng'ombe waliokufa baada ya hapo walipungua?

"Hatukuhesabu. Siku hizo tulikuwa tunagawana nyama."

Saa nane mchana, Mkunya, ambako nako walikuwa na msako wao. Mwalimu Yohana, mstaafu na kiongozi wa kwaya ya kanisa, alishangaa. "Mbawala? Maskini, huku kwetu hata haonekani, kawakosea nini? Adui ni nguruwe pori. Tumeua wengi sana."

"Na nagana?"

"Ipo. Ndiyo maana tunataka kuendelea."

Mkewe, Mama Neema, aliweka chai mezani. "Shemeji, usihangaike na vitabu. Huku mnyama asiyeliwa hajawahi kushitakiwa."

Njiani kurudi Mnyambe nilipima maneno yao. Nimesoma kwamba zamani, mahali pengine, kuua wanyama kwa wingi kulipunguza mbung'o, hilo sifichi. Lakini waliua karibu wote, eneo kubwa, miaka mingi. Mbung'o hunyonya mbawala, hunyonya nguruwe, na akiwakosa wote wawili yupo ng'ombe, tena amefungwa kamba. Vitongoji hivi havikuhesabu ng'ombe kabla wala baada, wala havikuacha upande mmoja bila kuwinda ili tulinganishe. Walichokuwa nacho si ushahidi, ni kitoweo.

Saa kumi na moja jioni, Mnyambe, kwenye mkutano wa kuandaa msako. Nilisema nitaandika barua kwa sharti moja: wauawe mbawala na nguruwe pia, na mizoga yote izikwe.

"Nyama izikwe?" akauliza mwenyekiti.

"Si tunaokoa ng'ombe?"

Mmoja akakumbuka mbuzi wake hajamfungia. Mwingine akamfuata kumsaidia. Mama Salima alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta nyumbani akimpulizia ng'ombe dawa, miguuni na tumboni, nami nikashika kamba.

Nilirudi Masasi na somo hili: kabla ya kuuliza mnyama gani analeta ugonjwa, uliza nani anamla.

Baadaye ng'ombe alizaa salama. Nilimpigia dada kumwonya kuwa ng'ombe mmoja hathibitishi kitu, asitangaze kwamba dawa imeshinda.

"Sawa, kaka," akasema. "Wewe endelea kutafuta ushahidi. Mimi nakamua."