Bwana Mwakani na Mlango wa Karakana

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wateja walimwita Fundi, kwa sababu sofa zake zilikaliwa na watoto na wajukuu bila kubonyea. Majirani walimwita Bwana Mwakani, kwa sababu nyingine kabisa. Kila mwaka, baridi ilipoanza kulegea na miti ya barabarani kuchipua, Fundi aliifunua pikipiki yake ndani ya karakana, akaipangusa vumbi, akatangaza kuwa safari imewadia. Angevuka uwanda wa upepo, apande milima ya ukungu, apenye msitu ambao mvua yake haikatiki, kisha ateremke bonde la joto mpaka ziwani, anakoishi dada yake pacha. Halafu siku zilisonga, mvua zikaja, baridi ikarudi, na pikipiki ikafunikwa tena. "Mwakani," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeahirisha kwa hekima.

Tusimwonee, mvivu hakuwa. Kupanga alipanga, tena alipanga mpaka mipango yenyewe ikachoka. Ramani ilibandikwa ukutani juu ya cherehani na kukaa hapo hadi jua likafuta nusu ya barabara. Koti lake la kwanza la mvua alilijaribu bafuni, akasimama chini ya bomba na viatu vyake miguuni. Mkewe, aliyekuwa anakwenda kuoga, alimkuta kimya, anasikiliza maji yanavyompenya shingoni. Akageuka na taulo lake bila kuuliza. Ili kuizoea baridi ya milimani, alikaa juu ya pikipiki humo humo karakanani, feni imemwelekea usoni, jaketi limefungwa hadi kidevuni. Kinyozi wa jirani alipita akamwuliza amefika wapi. Fundi akajibu kwamba yuko karibu na kilele, na kinyozi akamwombea mteremko mwema.

Mwaka huu pacha wake alipiga simu mapema, baridi ikiwa bado kali. Dada huyu alimtangulia kuzaliwa kwa muda usiotosha kuchemsha chai, na maisha yake yote ameudai ukubwa huo. Alimweleza kwamba macho yanamwisha. Daktari amesema ni kama pazia linaloshuka polepole, na hakuna wa kulipandisha. Hakulia, wala hakumpa mdogo wake nafasi ya kulia.

"Njoo kabla halijashuka lote," alimwambia. "Nataka nihakikishe kwa macho yangu kwamba wewe ndiye uliyezeeka zaidi."

Fundi alikata simu akakaa kwenye kochi la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tangu ujanani alikuwa amemwahidi dada yake kuja na pikipiki na kumzungusha ziwa zima, na ahadi ni deni. Mkewe alimkumbusha kuwa basi lipo, linaondoka kila asubuhi, na lina hata viti. Fundi akauliza ni nani atakayemzungusha mtu ziwa kwa basi. Mkewe akasema haya, ila asisahau kwamba mipango si matumizi.

Basi akajitupa kazini. Alitengeneza masanduku mawili ya pembeni, ya mbao nyepesi, akayavika ngozi na kuyashona kingo kwa uzi maradufu. Moja lilikuwa la baridi na jingine la joto. Lile la baridi lilimeza mablanketi na soksi za kutosha kituo cha polisi. Lile la joto lilibeba hata mwavuli, ingawa hakuweza kueleza ataushikaje huku anaendesha. Kila alipokumbuka hali nyingine ya hewa, aliongeza upana kidogo.

Kisha akashona koti jipya. Kabati lake lilikuwa na ngozi nyeusi nzuri iliyosubiri kazi ya maana, lakini akaiacha, akachukua mabaki ya plastiki ya manjano yaliyobaki kwenye viti vya zahanati. Lilikuwa la manjano ya kuumiza macho. Mkewe alimzunguka akimtazama, akamwambia anafanana na kochi lililotoroka hospitali. Fundi akasema manjano inampendeza, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulisema.

Hapa inabidi nieleze sheria moja ya ufundi wake. Mteja akija na vipimo vya sebule, Fundi humwuliza kwanza, "Na mlango umeupima?" Alikuwa na hekaya tele za watu waliong'oa madirisha ili kuingiza sofa, na alipozisimulia alicheka hadi akashika meza.

Siku ya kuondoka ilikuwa asubuhi njema, jua limetoka na upepo umetulia. Fundi alivaa kofia ngumu, akaagana na cherehani, akaisukuma pikipiki kuelekea barabarani. Ikafika mlangoni, ikasimama. Sanduku la baridi liligonga mwimo wa kushoto, la joto likagonga wa kulia. Akarudi nyuma, akasukuma tena, mlango haukubadilisha mawazo. Kinyozi alivuka barabara na kitana mkononi, akatazama kwa heshima zote.

"Fundi," akasema, "na mlango uliupima?"

Mganga hajigangi. Fundi alivua kofia, akatoa futi yake mfukoni, akaanza kupima sasa. Alieleza kwamba si neno, atayafungua masanduku, ayapunguze, ashone upya. Kazi kama hiyo haitaki papara. Na kwa kuwa mvua za msituni zitakuwa zimeshakolea, basi pengine itabidi iwe... Neno hakulimalizia, lakini mkewe alilijua. Alimtazama usoni. Mtu aliyekwamishwa safari yake hukasirika. Huyu alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyeambiwa shule imefungwa. Hapo aliyekasirika akawa mke. Alimwomba kinyozi akamalizie kichwa cha mteja wake, kisha akamsogelea mumewe.

"Unaogopa nini?"

Fundi aliizungusha futi kidoleni. Alisema barabara haziogopi, wala milima.

"Nikikaa hapa, kichwani mwake bado ananiona vizuri," alisema. "Nikifika akanitazama kama anatazama ukuta, nitafanya nini, mke wangu?"

Hasira ikamwisha mama wa watu. Miaka yote amemcheka, na mwaka huu amemcheka kuliko miaka mingine, kumbe mwenzake alikuwa anashona hofu. Alimhurumia sana. Lakini huruma peke yake haimtoi mtu mlangoni.

"Kila wiki unayoongeza inatoka kwenye macho yake," alimwambia. "Nipe spana."

Fundi alimpa. Sanduku la baridi lilishuka, la joto likafuata, na mablanketi yakarundikana kwenye kochi la mteja. Walibakiza mkoba mmoja wa maji, mkate na nguo za kubadilisha, wakaufunga nyuma kwa kamba. Mke akashika nyuma, mume akashika usukani, na pikipiki ikapita mlangoni bila kugusa popote. Fundi akavaa koti la manjano. Mkewe alimwambia jua linawaka, aliweke kwenye mkoba. Akakataa, akawasha, akaenda. Kinyozi alitoka kutazama, na mteja wake akatoka pia, upande mmoja wa kichwa umenyolewa.

Mke alirudi ndani, akapiga simu ziwani.

"Wifi, ametoka."

"Ametoka mlangoni, au ametoka kwa maneno?" pacha akauliza.

"Mlangoni. Nimemsukuma kwa mikono yangu."

Pacha alicheka, akacheka tena, kisha akauliza kama amevaa koti la manjano. Mke alishangaa, akataka kujua habari za koti amezipata wapi.

"Kipindi cha baridi aliniuliza ni rangi gani bado naiona," akasema. "Nikamwambia nyingine zote zimekuwa majivu, wifi. Imebaki manjano tu."

Mke alilitazama kabati, na ile ngozi nyeusi nzuri imo ndani, haijakatwa hata kipande.

"Amelivaa, wifi," alisema. "Jua linawaka, na amelivaa."